Hilux ya gia 6 au Ranger ya gia 10? Naombeni ushauri kabla sijalipia

Parachichi_Njombe

Habari za jioni wakuu,

Nipo Njombe, nafanya biashara ya miche na matunda ya parachichi. Nataka kubadilisha gari ya kazi. Nahitaji dabo kebini ya dizeli na lazima iwe otomatiki, maana goti langu la kushoto halitaki tena kukanyaga klachi kutwa nzima. Baada ya kuzunguka sana nimebakiwa na gari mbili, zote za 2019, na bei zake hazipishani sana: Toyota Hilux ya lita 2.8 yenye gia 6, na Ford Ranger Wildtrak ya lita 2 yenye turbo mbili na gia 10.

Zote nimeziendesha. Ranger ukiondoka taratibu husikii gia ikibadilika, unaona tu mshale wa mizunguko ya injini unapanda kidogo unashuka kidogo, unapanda unashuka, kabla hujafika spidi 60 imeshapita gia kadhaa. Kuovateki inavuta kuliko nilivyotarajia kwa injini ya lita 2. Hilux gia zake unazisikia, hasa ikitoka ya kwanza kwenda ya pili, lakini inavuta tangu chini kabisa, haina papara.

Shida yangu ni hizo gia kumi. Muuzaji anasema ndiyo teknolojia yenyewe na mafuta inakula kidogo. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa siku nyingi, anasema gia zikiwa nyingi ndivyo vya kuharibika vinavyokuwa vingi, na kwamba gia 4 za otomatiki za zamani zilitosha kabisa. Safari zangu ni Makambako na Mbeya kila wiki, mashambani njia za vumbi, na Dar kupitia Kitonga nikiwa na mzigo.

Naombeni mawazo ya wanaozijua hizi gari. Natanguliza shukrani.

KitongaExpress

Hilux. Ukikwama Ruaha Mbuyuni saa nane usiku utampata mtu anayeijua Hilux. Gia kumi utamtafuta nani?

Mizunguko_3000

Mkuu mleta mada, idadi ya gia iweke pembeni kwanza, tazama uwiano wenyewe, yaani injini inazunguka mara ngapi ili giaboksi itoe mzunguko mmoja. Giaboksi ya hiyo Hilux inaitwa AC60. Gia yake ya kwanza ni 3.600 na ya sita ni 0.580. Ya Ranger ni 10R80, ya kwanza 4.696 na ya kumi 0.636. Ukigawanya ya kwanza kwa ya mwisho, Hilux unapata kama 6.2, Ranger kama 7.4. Huo ndio upana wote wa kazi ya giaboksi, kuanzia kung'oa mzigo hadi kutembea lami kwa utulivu. Kwa hiyo zile gia nne za ziada hazijaongeza upana mkubwa kihivyo. Nyingi zimejazwa katikati.

Na katikati ndiko kwenye maana. Hilux ikiwa gia ya 3 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ikiingia ya 4 inatoka 1.488 kwenda 1.000, injini inaanguka hadi karibu 2,000. Ranger ikitoka ya 3 kwenda ya 4 ni 2.146 kwenda 1.769, hivyo kutoka 3,000 inabaki karibu 2,470. Kwa nini Ford walihitaji hatua ndogo hivyo? Tazama injini. Hiyo lita 2 inatoa Nm 500 (nguvu ya kuzungusha, toki), lakini inazitoa zote kati ya mizunguko 1,750 na 2,000 tu. Ni sehemu nyembamba mno. Hilux ya mwaka huo inatoa Nm 450, ila inazishikilia kuanzia 1,600 hadi 2,400. Injini yenye sehemu pana inavumilia gia zilizoachana. Yenye sehemu nyembamba inahitaji gia zilizobanana ili isitoke kwenye nguvu yake.

Ndiyo maana ulipoovateki ulishangaa. Ile haikuwa injini peke yake. Huwezi kuihukumu giaboksi bila kutazama injini iliyofungiwa.

GX100_Halisi

Naheshimu hesabu zako mkuu, ila kuna mashindano hapa ambayo hayamhusu mnunuzi. ZF, watengenezaji wa giaboksi wa Ujerumani, walitoa gia 6 mwaka 2001 kwenye BMW 7 Series. Mercedes wakaja na 7 mwaka 2003. Lexus LS 460 ikaja na 8 mwaka 2006. Mwaka 2013 zikatoka za 9, na 2017 za 10 zikawa barabarani, Ford na GM wakiwa wameshirikiana kuitengeneza. Kila baada ya muda mfupi kuna anayeongeza moja ili aiandike kwenye tangazo.

Halafu watu wanadhani gia 4 ni za kizamani kwa sababu uwezo wa zaidi haukuwepo. Hydra-Matic ya Oldsmobile ilikuwa na gia 4 tangu 1939! Baada ya hapo Chevrolet wakatoa Powerglide ya gia 2 tu mwaka 1950, na Wamarekani wakaiendesha hadi 1973. Prado 150 za petroli za 2.7 zilizotoka Japani kabla ya 2015 zina gia 4, na zinapanda milima ya huku kwetu kila siku.

Swali langu kwako: kati ya ya 9 na ya 10 kwenye hiyo Ranger kuna nini?

Mizunguko_3000

Hapo nakubaliana nawe kabisa. Ya 9 ni 0.689, ya 10 ni 0.636. Ukiwa mizunguko 2,000 unashuka hadi kama 1,850 hivi. Kwa mtu wa barabara kuu za Marekani anayekaa spidi moja saa tatu mfululizo, inasaidia. Kwa Njombe hadi Makambako, kona na vilima, sioni ikimsaidia chochote cha kuhesabu. Faida ya mleta mada iko gia ya 3 hadi ya 7.

Na ukitaka ushahidi kwamba kuongeza gia hakuna mwisho mzuri, watazame ZF hao hao. Walipotengeneza kizazi cha nne cha 8HP, giaboksi yao ya gia 8, walibaki na gia hizo hizo 8, juhudi wakazielekeza kwenye mota ya umeme ndani ya giaboksi. Toyota nao Land Cruiser 300 ya 2021 wameipa gia 10, wakati Land Cruiser 250 ya dizeli wameipa 8. Kila mtengenezaji anachagua kulingana na injini na uzito.

Fundi_Mwanjelwa

Nimesoma, nataka nijibu la shemeji kuhusu kuharibika, maana linasemwa sana hata gereji.

Gia kumi si klachi kumi. Ndani ya 10R80 kuna seti nne za gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) na klachi pamoja na breki sita, basi. Gia zote kumi zinapatikana kwa kuunganisha na kuachia hizo sita kwa mpangilio tofauti. 8HP ya ZF nayo ina seti nne na klachi na breki tano, na kwenye gia yoyote zilizoachia ni mbili tu. Kwa hiyo ukiongeza gia huongezi vyuma kwa kiwango hicho hicho.

Kinachoongezeka ni kazi. Klachi zinafunga na kufungua mara nyingi zaidi, na kompyuta inabidi ijue kwa usahihi mkubwa lini ibane na kwa presha gani. Giaboksi ya zamani ya gia 4 ilivumilia oili chafu, ilivumilia oili isiyo yake, ilivumilia na fundi wa kubahatisha. Hizi mpya hazivumilii. Nilishaletewa dabo kebini ya gia nyingi inapiga teke kila ikitoka ya 3 kwenda ya 5. Mwenyewe alishaambiwa anunue giaboksi nyingine. Kumbe gereji moja ilimwekea oili nzito ya giaboksi za zamani. Tulimwaga, tukaweka inayotakiwa, tukarudia baada ya muda kidogo kwa sababu ya ile inayobaki kwenye toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi kwa oili), kisha tukaifundisha upya kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikatulia. Ana bahati aliwahi.

Hata kupima kiwango cha oili kwenye giaboksi za sasa ni mpaka ifike joto lake maalumu, unasoma joto kwenye mashine. Fundi akikuambia anapima kwa macho gari ikiwa ya baridi, chukua ufunguo wako uondoke.

DadaWaGerezani

Kaka wa Njombe, mimi nauza vipuri na vilainishi, nikuongezee hapo kwa Fundi. Watu wanakuja dukani wanataka "haidroliki nyekundu" kwa gari yoyote ile. Hilux yako inatumia Toyota WS, hiyo iko kila mahali hadi Makambako utaipata. Ranger ya gia 10 inatumia Mercon ULV, ni nyepesi sana, ukiimimina inatiririka tofauti kabisa na uliyozoea. Dar ipo, ila siyo kila duka, na bei yake imesimama. Ukichukua Ranger nunua ya kubadilishia mapema uweke ndani kwako, usingoje siku fundi anakupigia simu gari iko juu ya jeki.

Na usikubali neno la kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote. ZF wenyewe kwa giaboksi zao wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka minane. Gari ya mzigo na vumbi nenda na namba ya chini.

Dereva_wa_Nakuru

Salamu kutoka Kenya ndugu zetu. Mnajadili gia na hakuna aliyetaja beliti. Hiyo Ranger ya lita 2 beliti yake ya taimingi inazunguka ndani ya oili ya injini. Oili isiyo sahihi au iliyokaa sana inaila beliti, vipande vinakwenda kuziba njia ya oili. Hilux 2.8 ina cheni. Ranger ya zamani ya 3.2 yenye silinda tano pia ina cheni, na gia 6. Mimi ningeanzia kwenye rekodi za kubadilisha oili kabla hata ya kuuliza habari ya gia. Kama mwenye gari hana risiti hata moja, shukuru, funga mlango, nenda.

Gia kumi zenyewe sina ubaya nazo. Naupanda na kuuteremka mlima wa Mai Mahiu na Ranger ya kampuni tunayofanyia kazi, kupanda ni raha tupu.

Parachichi_Njombe

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kwa jioni moja. Dada wa Gerezani nitakutafuta. Mkuu wa Nakuru umesema kupanda ni raha, na kuteremka je? Mimi mzigo wangu ninaupeleka Dar, yaani Kitonga ninaiteremka nikiwa nimejaza na kuipanda nikirudi mtupu.

Dereva_wa_Nakuru

Hilo ndilo swali lenyewe kaka. Ukiiacha kwenye D ikiwa na mzigo, inachelewa kukupa gia ndogo unayoitaka, unajikuta mguu uko kwenye breki muda mrefu. Peleka kwenye M, ya kuchagua gia mwenyewe, kuna kitufe cha + na - pembeni ya kishikio cha gia. Shida ni kwamba hatua ni ndogo, ukibonyeza mara moja huoni tofauti. Inabidi ubonyeze mara nne, tano, ndipo injini ianze kukushika. Ukizoea unafanya hivyo kabla mteremko haujaanza. Asiyezoea anaanza kubonyeza katikati ya kona na lori liko mbele.

KitongaExpress

Nilisema kwa kifupi mwanzoni, sasa nifafanue, maana hiyo njia ndiyo maisha yangu. Hilux kwenye S, yaani ukichagua gia mwenyewe, ukishusha hadi ya 3, wakati mwingine ya 2, unaisikia injini inaikamata gari. Lita 2.8 ina mwili wa kuzuia. Lita 2 hata kwenye gia ndogo inazuia kidogo kuliko hiyo, lazima uende chini zaidi. Kitonga malori yanateremka taratibu sana na huwezi kuyapita ovyo, utakaa nyuma yao kona hadi kona. Breki zikipata moto pale hakuna pa kujificha. Kwa mtu anayeteremka amejaza, hiyo kwangu ina uzito kuliko utamu wa kuovateki.

GX100_Halisi

Hapo umemaliza mkuu.

Mizunguko_3000

Naongeza moja kwa haki ya Ranger: ukiwa makini na oili, beliti na hiyo M, itakupa safari tulivu kuliko Hilux, na kwenye vumbi la mashambani ile gia ya kwanza ya 4.696 inatambaa vizuri sana. Ila nikitazama kazi yako na umbali wa mafundi wenye mashine, na mimi naegemea Hilux. Siyo kwa sababu gia kumi ni mbaya.

Parachichi_Njombe

Nimeelewa. Naelekea Hilux, ila Ranger sijaifuta moja kwa moja, mwenye nayo amesema ana risiti za huduma zote. Jumamosi naenda kuziona zote mbili kwa mara ya mwisho. Fundi, nitazame nini kwenye giaboksi?

Fundi_Mwanjelwa

Mwambie kila muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika, ukaguse boneti mwenyewe uone ni ya baridi. Washa, kanyaga breki, toa P weka R, ngoja, kisha D. Ikichelewa kushika, au ikishika kwa kishindo, andika. Endesha taratibu kwanza, usikanyage, maana kasoro za gia zinaonekana kwenye mwendo mdogo: kati ya spidi 20 na 50, ukiachia mafuta kisha ukikanyaga tena. Tafuta mlima, panda na watu wanne ndani, uone kama inahangaika kati ya gia mbili. Ikishapata moto rudia ile ya R na D. Mwisho iunganishe kwenye mashine, usome kumbukumbu za makosa ya giaboksi, siyo ya injini peke yake. Na uliza kama kumbukumbu zilifutwa karibuni, mashine nzuri inaonyesha kilomita ngapi zimepita tangu zifutwe. Ukikuta zimefutwa wiki hiyo hiyo, nipigie kabla hujatoa hela.