PQR (rekodi ya jaribio la kuchomelea) bila kupasha joto: naweza kuitumia kwa tanki la mm 40?

MshonoImara: Wakuu, naomba ushauri. Tuna PQR ya bamba la SA-516 Gr 70 (chuma cha matanki ya presha), unene mm 25, Charpy (jaribio la kugonga chuma kuona kama kitavunjika) ilifaulu, lakini bamba halikupashwa joto baada ya kuchomelewa. Kazi mpya ni tanki la presha la mm 40. Mchoro unataka Charpy na kuondoa mkazo kwa kulipasha tanki tanurini. Kwa unene tuko salama, mm 25 inabeba hadi 50. Nikiongeza tu kipengele cha joto kwenye WPS (maelekezo ya kuchomelea), mkaguzi atapitisha?

TanuriMoto: Hapitishi, mkuu. Soma ASME Section IX (kanuni za kupima uchomeleaji), QW-407.1: kutopasha kabisa ni hali moja, kupasha chini ya joto ambalo chuma huanza kubadilika kwa ndani (takriban nyuzi 727) ni hali nyingine, kila moja na PQR yake. Chomelea bamba jipya.

Ila usiliweke saa moja eti kwa kuwa ni mm 25. Charpy ikitakiwa, QW-407.2 inataka bamba la jaribio likae kwenye joto angalau asilimia 80 ya jumla ya muda litakaokaa tanki. Saa 1 kwa kila mm 25 ina maana tanki lako ni saa 1 na dakika 36 kila linapoingia tanurini. Mshono ukikutwa na ufa baadaye, unakarabatiwa na tanki linarudi tena. Mimi hupiga hesabu ya mara tatu: saa 4 na dakika 48. Bamba likikaa saa 4 linafunika saa 5, na unaruhusiwa kuzimaliza kwa mpasho mmoja.

MshonoImara: Nimekuelewa, mkuu. Saa 4 hazitalegeza chuma?

ChumaSafi: Zitakilegeza kiasi, na nguvu ya Gr 70 ya kuhimili kuvutwa haitakiwi kushuka chini ya MPa 485. Angalia cheti cha bamba: kama kiwanda kilipima sampuli iliyopashwa muda mrefu hivyo, uko vizuri. Kama sampuli haikupashwa na namba iko juu kidogo tu ya 485, tafuta bamba jingine kabla hujachomelea.

Themokapo (nyaya za kupima joto) zifungwe kwenye bamba lenyewe. Hewa ya tanuri hufika nyuzi 595, joto la kupashia, mapema, bamba bado liko nyuma. Anza kuhesabu saa pale themokapo ya mwisho itakapofika, na chati ya joto uiambatanishe na PQR, mkaguzi ataiulizia.