Gumzo la ukoo: Zuhura anakwenda Pune

Mama Zuhura: Assalaam alaykum wanaukoo. Majibu yametoka. Zuhura kapata chuo Pune, ufadhili wa serikali ya India. Kuondoka mwezi wa saba inshallah.

Mjomba Salim: Waalaykum salaam. Mashaallah! Hongera sana mwanangu. Kompyuta au uhasibu?

Zuhura: Asante Mjomba. Si kompyuta. Kisanskriti na tenzi za kale za Kihindi, Mahabharata na Ramayana.

Mjomba Salim: 😳

Hamadi: Yaani mtu analipiwa kusoma hadithi? Nami naomba fomu.

Shangazi Rukia: Hongera mama. Ila nauliza kwa nia njema, hayo si ndiyo mambo ya masanamu?

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Nakwenda kusoma, sibadili dini. Al-Biruni alikuwa Mwislamu, mwanachuoni wa nyota na hesabu, na karibu miaka 1,000 iliyopita alijifunza Kisanskriti akaandika kitabu kizima juu ya India. Na kule Java Waislamu mpaka leo wanakesha kutazama wanasesere wa kivuli wakiigiza vita vya Mahabharata.

Mjomba Salim: Ongezea hili. Ule mchezo wa Mahabharata wa televisheni ya India, wa 1988 mpaka 1990, aliyeandika maneno yake ni Mwislamu, Rahi Masoom Raza.

Shangazi Rukia: Marahaba. Naona mlishajipanga. Haya, nimenyamaza. Lakini huko nyama ya ng'ombe usiiulize.

Mama Zuhura: Nitamfungia dagaa.

Hamadi: Tupe kwa ufupi basi, inahusu nini?

Zuhura: Ufupi wa wapi, kwa hesabu ya kimapokeo ni beti 100,000, vitabu 18 😅 Kiini chake ni ugomvi wa urithi. Ndugu wawili, Dhritarashtra ni kipofu, Pandu ndiye anayetawala. Pandu anakufa, kiti kinabaki kwa kipofu. Kipofu ana watoto wa kiume 100, Pandu kaacha watano. Nani arithi?

Mjomba Salim: Hilo tunalijua hata bila kwenda Pune. Shamba la Pongwe.

Mama Zuhura: Kaka, tusianze.

Babu Mwalimu: Hizo beti zao zina mizani ngapi?

Zuhura: Shikamoo Babu. Nilijua utauliza. Ubeti wao unaitwa shloka. Silabi 32, vipande vinne, kila kipande nane.

Babu Mwalimu: Marahaba. Nane mara nne? Huo ni utenzi!

Zuhura: Nilipokutana na hesabu hiyo nilisoma mara mbili. Ila hawana vina Babu. Wao wanapima silabi nzito na nyepesi, hasa kuelekea mwisho wa kipande.

Babu Mwalimu: Sisi kipande cha nne kinabeba kina kimoja tangu mwanzo mpaka tamati. Kazi ngumu hiyo. Na mtunzi wao ni nani?

Zuhura: Mapokeo yanamtaja Vyasa. Wataalamu wanaona ni mkono wa vizazi vingi, karne baada ya karne. Ndiyo maana nimeitaka Pune na si kwingine. Pale ipo Taasisi ya Bhandarkar, ambako walilinganisha miswada ya Mahabharata kutoka kila pembe ya India, mstari kwa mstari, kuanzia 1919 mpaka 1966.

Babu Mwalimu: Miaka 47. Na mimi nina madaftari yangu ya tenzi na mchwa.

Babu Mwalimu: Na hiyo nyingine?

Zuhura: Ramayana ni ya Valmiki, beti 24,000 hivi. Wanasema alikuwa mtoni, akaona jozi ya ndege wakipendana. Mwindaji akamchoma mshale dume. Valmiki akamlaani mwindaji kwa uchungu, na laana ikamtoka kwa mizani. Shloka ya kwanza ndiyo hiyo.

Babu Mwalimu: Ukifika nirekodie kwa sauti. Isomwe na mwenyewe Mhindi, si wewe.

Hamadi: 😂😂

Shangazi Rukia: Rudini kwenye urithi. Ikawaje?

Zuhura: Wale 100 wakawaalika wale watano kwenye kamari ya dadu, na dadu zinachezwa na mjomba wao mjanja. Yudhishthira, mkubwa wa watano, akaliwa mali, akaliwa ufalme, akaliwa ndugu zake, akaliwa nafsi yake. Halafu akamweka dau Draupadi, mke wao.

Hamadi: Mke WAO?

Zuhura: Wa wote watano. Hilo nitakueleza siku nyingine. Akaliwa hata Draupadi. Wakamburuta kwa nywele mpaka barazani, naye akauliza swali moja: mume wangu alijipoteza mwenyewe kwanza au mimi kwanza? Kama alikwisha kuwa mtumwa, alipata wapi haki ya kuniweka dau?

Shangazi Rukia: Mwanamke wa haja. Wazee wakasema nini?

Zuhura: Bhishma, mzee kuliko wote, akasema mambo ya dharma, yaani haki na wajibu, ni mepesi kuponyoka, hawezi kumjibu. Waliobaki wakainama. Mwisho mfalme kipofu akaogopa, akamwambia Draupadi aombe atakalo. Akaomba uhuru wa waume zake. Wakarudishiwa kila kitu.

Shangazi Rukia: Alhamdulillah.

Zuhura: Wakaitwa kucheza tena, Yudhishthira akaenda. Akaliwa. Miaka 12 msituni na mmoja wa kujificha.

Shangazi Rukia: AKACHEZA TENA???

Shangazi Rukia: Zuhura nipigie simu sasa hivi. Haya hayaandikiki.