Kumpeleka bi mkubwa Sri Lanka mwezi wa saba

Asha, Muscat:

Assalaam alaykum jamaa. Skuli zikifungwa tunataka kwenda Sri Lanka: mimi, mume wangu, watoto wawili na bi mkubwa, mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Watoto wanataka bahari na lile jabali la Sigiriya. Bi mkubwa magoti yanamsumbua, na keshasema hapandi mlima wa mtu. Wakala katuwekea Bentota wiki nzima, Sigiriya twende turudi siku hiyohiyo. Waliokwenda watwambie.

Salim, Dubai:

Waalaykum salaam dada Asha. Huyo kakuuzia pwani isiyo msimu wake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kusi hiihii inayovuma kwetu ndiyo inayopiga magharibi na kusini mwa kisiwa. Bentota, Hikkaduwa, Unawatuna, kote bahari huchafuka, na watoto wataishia kwenye bwawa la hoteli. Mashariki ndiko kunakotulia. Laleni Nilaveli au Uppuveli, nje kidogo ya Trincomalee. Watoto mtawapeleka kwa boti Pigeon Island wakaone matumbawe. Mjini kuna hekalu la Kihindu la Koneswaram, juu ya jabali lililokatika wima hadi baharini. La kale lilibomolewa na Wareno karne ya 17.

Na Sigiriya kutoka Bentota ni saa nne au tano za gari, kwenda tu! Mkitoka uwanja wa ndege laleni Habarana au Dambulla, pandeni alfajiri jua halijachoma, kisha mteremke Trincomalee.

Ngazi za Sigiriya ni kama 1,200. Katikati kuna zile picha za wanawake zilizochorwa ukutani zama za mfalme Kashyapa, karne ya 5. Kupiga picha hairuhusiwi. Juu zaidi mnatokea kwenye uwanja wenye makucha mawili ya simba wa kujengwa, na hapo ndipo wengi hughairi. Kinachofuata ni ngazi za chuma zilizoshikizwa ubavuni mwa jabali, na chini ya miguu unaona hewa tu. Vibao vinakataza kelele kwa ajili ya mavu. Si mzaha, wakichokozwa watu huumwa kweli.

Bi Maryam, Leicester:

Mwanangu Asha, mama yako usimtese. Tiketi ya mgeni Sigiriya inazidi dola 30, na yeye ataishia kukaa bustanini. Dambulla nako mapango ni mazuri lakini ngazi zipo. Mpeleke Polonnaruwa, mji wa kale, njia ni tambarare na gari linasogea karibu. Pale Gal Vihara kuna masanamu manne ya Buddha yaliyochongwa kwenye jabali moja karne ya 12, na aliyelala ana urefu wa mita 14 hivi. Mtazame mto aliolazia kichwa: fundi kaubonyeza kidogo, jiwe likaonekana pamba. Mimi Mwislamu, sikwenda kuabudu. Nilikwenda kuona kazi ya mikono.

Viatu huvuliwa, kofia pia, mwambie mumeo. Saa sita mchana lile jiwe linaunguza nyayo, kwa hiyo chukueni soksi. Mabega na magoti yafunikwe, na watoto wasipige picha wakiwa wamelipa sanamu mgongo. Hilo huko ni kosa kubwa.

Chakula asiwe na wasiwasi, Trincomalee Waislamu ni wengi. Asubuhi muagizieni appa, za unga wa mchele na tui, ataona vibibi vyake hivyo. Akiulizia unyayo wa Nabii Adam, huo uko kusini zaidi, mlima wa mita 2,243, na msimu wake ni Desemba hadi Mei. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, aliupanda kwa kushika minyororo.

Juma, Doha:

Viza ombeni mapema kwenye tovuti ya serikali inayoishia gov.lk; zipo nyingine zinazoifanana na zinazidisha bei. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, aje na kadi ya chanjo. Na kama mnapita Kandy, tazameni kwanza tarehe za Esala Perahera, maandamano ya tembo ya Julai au Agosti. Vyumba hupanda bei vibaya sana.

Asha, Muscat:

Ahsanteni sana, Bi Maryam shikamoo. Wakala anasema Bentota imeshalipiwa nusu, tunavutana. Dereva wa siku zote, malazi yake nani analipa?

Salim, Dubai:

Hoteli nyingi zina chumba cha madereva. Ulizeni kila mnapoweka nafasi, na bei ya dereva muiandikishe pamoja na mafuta.