Mrejesho: Babu na Wajerumani wa Burma

Wakuu, niliuliza kama kuna ukweli kwenye simulizi ya ukoo wetu kwamba babu alipigana na Wajerumani Burma. Asanteni sana mlioniambia nianze na umri wake.

Burma (Myanmar ya leo), kwenye Vita ya Pili ya Dunia, adui alikuwa Mjapani. Vita na Wajerumani ilipiganwa huku kwetu Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918, na babu alikuwa hajazaliwa. Nikamfuata shangazi, mtoto wake wa kwanza, nikamwacha aongee bila kumdokezea jibu. Akasema aliyebebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye vita ya Mjerumani ni baba yake babu. Babu mwenyewe alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na hakuchoka kusimulia mvua isiyokatika, matope ya magotini na malaria. Hayo yanalingana kabisa na bonde la Kabaw huko Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katikati ya mvua kubwa za 1944. Nishani yake bado imo sandukuni: nyota ya ncha sita, imeandikwa Burma Star.

Kwa hiyo ni watu wawili waliounganishwa wakawa mmoja. Sasa namtafuta yule mpagazi. Shangazi anajua jina lake la utani tu.