Kwa yule fundi aliyeniambia mbele ya mkwe wangu kuwa waya wa kijani ni pambo

Maalim_Mstaafu

Assalaam alaykum ndugu zanguni. Ninaandika uzi huu nikiwa gizani kwa hiari yangu mwenyewe, kwa sababu meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima, nimeizima kwa mkono wangu na sina nia ya kuiwasha mpaka hasira zipungue. Jina la mtu huyu silitaji, wala hapana haja, kwani kila mwenye nyumba kuanzia Kikwajuni mpaka Fuoni anamjua: ni yule wa Vespa iliyofungwa kioo kwa waya wa simu, ambaye huweka bisibisi nyuma ya sikio kama karani anavyoweka kalamu, na ambaye kila ukimpigia hukwambia kuwa yuko njiani ilhali unasikia mawimbi na watu wanacheza bao.

Wiki iliyopita nilinunua friji la mtumba pale Darajani. Lilikuja na plagi ya ng'ambo yenye meno mawili ya mviringo, nikamwita huyu bwana aikate na kuweka plagi yetu ya meno matatu, na wakati huo huo aniongezee soketi moja jikoni. Kazi zote mbili alizimaliza kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kutawadha, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka, lakini mimi nilikuwa nimeshughulishwa na kumtazama anavyomenya ganda la waya kwa meno, kama mtu anayekula muwa. Alipomaliza kuifunga plagi niliona kipande cha waya wa kijani chenye mistari ya manjano kimelala sakafuni mfano wa mkia wa mjusi. Nikamuuliza kwa adabu, mbele ya mama mkwe wangu aliyekuwa ameingia muda huo huo kutoka Wete na kikapu chake cha samaki: "Fundi, na huu je?"

Akacheka, tena akamtazama mkwe wangu kwanza ili acheke naye. Akasema: "Maalim, huo wa kijani ni pambo. Wewe fundisha watoto, umeme tuachie wenyewe."

Pambo. Nimesomesha hesabu kwa miaka thelathini na moja, nimesahihisha madaftari yanayoweza kujaza jahazi, halafu ninaambiwa neno hilo jikoni kwangu na mtu mwenye mate ya waya mdomoni.

Leo baada ya Alasiri, mkwe wangu, ambaye kwa heshima yake huvua ndara mlangoni, alipita jikoni sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, akashika mkono wa friji ili aweke samaki. Ukelele alioutoa, mimi naamini, uliwafanya abiria wa boti ya Pemba kule bandarini wavae maboya. Kikapu kiliruka, na nguru mmoja mzima tulimkuta juu ya kabati la vyombo. Alhamdulillahi yu mzima, hospitali wamemtazama na kumruhusu, lakini amehamia kwa binti yake mwingine, na kabla ya kuondoka alitamka kuwa tangu siku ya posa alijua kuwa mimi simtaki. Nikampigia yule bwana. Unajua alivyonijibu? "Mwambie Bi Mkubwa avae ndara."

Basi nilizima meni swichi, nikachukua tochi na bisibisi, nikaifungua plagi ile. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa sambamba na ganda la nje, kwa unadhifu ambao hakuutumia mahali pengine popote. Kibanio kinachopaswa kuukamata waya kwa ganda lake la nje, ili ukivutwa zisivutike zile skrubu za ndani, hakikufungwa. Mahali pa fyuzi, ambayo kwa plagi hizi za kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947 ndiyo inayoulinda waya wa chombo usiungue, palikuwa na karatasi ya fedha ya pakti ya sigara iliyosokotwa. Sivuti sigara, kwa hiyo hata hiyo alikuja nayo.

Nikafungua na soketi. Humo alikuwa amegeuza: waya wa moto, ule unaoleta umeme, ameuweka penye herufi N, na nyutro, ule unaourudisha, penye herufi L, maana yake ni kwamba ukizima swichi ya soketi unakata upande usio na moto, na chombo unachodhani kimezimwa bado kina moto ndani yake. Tundu la juu, lile refu la athi, yaani la waya wa kijani unaopeleka umeme ardhini, halikuunganishwa na kitu chochote. Lile jino refu la plagi hufanya kazi mbili: hufungua vile vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini, na hutangulia kugusa athi kabla moto haujafika. Yeye amelifanya ufunguo wa mlango, basi.

Wengi humu mnafahamu, lakini nitasema kwa sababu nina hasira. Waya wa kijani huunganishwa na bodi ya chuma ya friji. Siku ganda la waya wa moto litakapochubuka huko ndani na kugusa bodi, umeme wote ule hupita njia ya athi kwenda ardhini, fyuzi hukatika au breka hujikata, na wewe unachojua ni kwamba friji limezimika. Usipokuwepo waya huo, bodi hukaa na volti 230 ikisubiri mkono. Mkono uliofika ni wa mkwe wangu.

Na nilipomlalamikia siku ile ile alichomeka testa yake, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, ikawaka, akasema: "Si unaona? Umeme upo." Testa kuwaka hukwambia kuwa moto upo hapo tu, juu ya athi haikwambii neno. Lakini ningejibu nini, ilhali nilikwisha kuambiwa kuwa ni pambo?

Ndara_Moja

Pole sana Maalim, na Bi Mkubwa naye tunampa pole. Naomba tu kujua, kwa nia njema kabisa, ulimlipa kiasi gani?

Maalim_Mstaafu

Elfu saba na sahani ya biriani. Sioni kama swali hilo linahusika.

Ndara_Moja

Linahusika sana. Kwa elfu saba umelipia waya wa kahawia na wa buluu. Biriani ndiyo iliyolipia karatasi ya sigara.

Kidau_cha_Nungwi

Yule wa Vespa! Huyo kwangu aliniwekea swichi ya feni, na tangu siku hiyo kila nikizima feni taa ya choo cha jirani huzimika. Jirani amenijia mlangoni mara mbili akiwa amejifunga taulo, na mara ya pili hakusalimia.

Mwenye_Cheti

Wandugu, mimi ni fundi na maneno haya yananiuma, kwa kuwa tunachafuliwa sote. Kazi yenyewe si ngumu. Ukiifungua plagi na kuitazama kwa ndani, jino refu likiwa juu, waya wa kahawia, ambao ndio wa moto, unakwenda kulia penye fyuzi, wa buluu, ambao ndio nyutro, kushoto, na wa kijani na manjano juu. Huo wa juu uachwe mrefu kidogo kuliko wenziwe, ili waya ukivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Kukumbuka ni rahisi: Kahawia na Kulia zote zinaanza na K.

Mchokozi_wa_Forodhani

Na kushoto inaanza na herufi gani, fundi?

Mwenye_Cheti

Basi someni herufi zilizoandikwa kwenye skrubu.

Mchokozi_wa_Forodhani

Na kijani? Naona huyu bwana wa Vespa alitumia kanuni yako hii hii, akaona K zimekuwa nyingi, akaikata moja.

Mwenye_Cheti

Nimesema someni herufi. Tena kwa soketi ndiyo lazima, kwa sababu unaiunga kwa nyuma, na kilichokuwa kulia kwa mbele kwa nyuma kiko kushoto. Hapo ndipo wengi wanapogeuza. Na nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani tupu kwa athi, kwa hiyo asiyejua asiguse. Fyuzi nayo ilingane na chombo: ya 13 kwa birika na pasi, ya 3 kwa taa ya mezani na vitu vidogo visivyozidi wati 700 hivi. Maalim, uliangalia ile nondo ya athi iliyozikwa ardhini huko nje? Hewa yetu hii ya chumvi hula viungio, unaweza kuunga waya vizuri ndani na nje umeshika kutu.

Maalim_Mstaafu

Nimeangalia. Imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Alipoifunga kamba hiyo alisema inafaa, kwa kuwa haina kazi nyingine. Kumbe nayo ni pambo!

Mpemba_Asili

Mimi nasema tatizo ni umeme wenyewe kuwepo. Ninyi Unguja mlipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nani alisikia mkwe kapigwa na friji? Sisi Pemba wakati huo tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haujatufikia, umeme ukija wageni ukiondoka wenyeji, na watu waliishi kwa amani na wakwe zao.

Kidau_cha_Nungwi

Amani gani? Katika giza lile ami yangu alinunua jenereta dogo, akatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja anachomeka kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Mtoto aliuchomoa ule wa ukutani huku jenereta linanguruma, na yale meno yakawa na moto nje nje, mkononi mwake. Mungu alimnusuru kwa sababu petroli iliisha dakika ile ile. Na hata asingekuwepo mtoto, umeme huo unatoka nyumbani unarudi kwenye nguzo, unamkuta fundi wa watu juu anayejua kuwa laini imekatwa. Ami yangu mpaka leo anajisifu kwa uvumbuzi ule.

Bi_Mkubwa_wa_Kisauni

Afadhali ninyi mna soketi zenu. Mimi mwenye nyumba wangu ametupa wapangaji watatu soketi moja, tunagawana kwa ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyenziwe. Asubuhi huyu anachomeka birika la wati 2000, ambalo peke yake ni kama ampea tisa, yule pasi, na mimi maskini chaji ya simu. Soketi imeshapata rangi ya andazi lililosahauliwa mafutani na inanuka samaki bila ya kuwepo samaki. Nikimwambia mwenye nyumba ananijibu niipulize.

Mwenye_Cheti

Bi Mkubwa, harufu hiyo ni ya plastiki inayoungua. Zima leo, usingoje kesho.

Bi_Mkubwa_wa_Kisauni

Nikizima mimi ndiye nitakayeambiwa nina roho mbaya. Anayekaa na birika ni wifi yake.

Maalim_Mstaafu

Ninaomba kwa heshima zote turudi kwenye mada. Mtu aliniambia, mbele ya mkwe wangu, kuwa waya wa athi ni pambo.

Mama_Watatu

Maalim, shikamoo. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na nimeamua kusema. Mimi ndiye mke wa huyo bwana wa Vespa.

Soketi ya jikoni kwangu haina kifuniko tangu nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, na mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Taa ya ukumbini inawaka kwa kuunganisha nyaya mbili kwa kibanio cha nguo, na kibanio chenyewe ni cha mti kwa sababu hapo, nakiri, alifikiri. Ile swichi inayojikata umeme ukivuja kwa milliampea 30, ambayo alipewa na tajiri mmoja wa hoteli huko Paje akaifunge hotelini, yeye aliileta nyumbani, na watoto wanaichezea duka. Kila nikimwambia aifunge anasema atafanya Ijumaa. Maalim, wewe umekaa naye nusu saa.

Ndara_Moja

Subhanallah. Pole dada yangu.

Bi_Mkubwa_wa_Kisauni

Mwanangu, hebu nieleze huyo wa darasa la tatu anapita vipi jikoni. Funika hiyo soketi kwa chochote kikavu cha plastiki leo hii, na meni uizime kwanza.

Mwenye_Cheti

Dada, nipe mtaa tu. Kesho baada ya Adhuhuri nitakuja na kifuniko na kuifunga hiyo swichi, bure, na mumeo akiwepo atashika ngazi.

Mchokozi_wa_Forodhani

Na kibanio cha nguo mumwachie. Hicho ndicho pambo.

Maalim_Mstaafu

Dada, alaykum salaam na marahaba, na pole kwa unayoyapata. Fundi Mwenye Cheti, unapotoka huko ningeomba upite na kwangu, kwa kuwa friji bado limefunguliwa plagi na mke wangu hajanisemesha tangu Magharibi.

Kidau_cha_Nungwi

Dada, na feni kwenu ikoje? Ninauliza kwa sababu ya jirani yangu.

Mama_Watatu

Feni inazunguka kinyume. Inanyonya upepo.

Mpemba_Asili

Maalim, kuna jambo hukulieleza. Wale samaki wa Wete wako wapi?

Maalim_Mstaafu

Wamekaangwa wote, kwa mkaa. Yule wa juu ya kabati nimempelekea mkwe, na ameurudisha mkia.