Naomba ushauri: niuze kiwanja ninunue bajaji?

Mkazi_wa_Kongowe: Ndugu zangu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, na kwa sasa sina kazi. Nafikiria kuuza kiwanja changu cha Mkuranga ninunue bajaji, kwa kuwa kodi ya nyumba imenishinda na mikopo ya kausha damu imenikaba. Je, nitakuwa nimekosea?

BintiSaidi: Ardhi haiuzwi, kaka. Marehemu baba aliuza shamba akanunua daladala; leo hatuna shamba wala daladala.

Mzee_Kobe: Vijana mnapenda njia za mkato. Kazi ya awali uliiachaje?

Mkazi_wa_Kongowe: Sikuiacha, mzee wangu. Novemba iliyopita mashine ya kupasulia mbao ilinikata vidole vinne vya mkono wa kulia, na nilipopona nilikuta nafasi yangu ina mtu.

Fundi_Randa: Hadithi hii ina walakini. Bajaji huvutwa mafuta kwa mkono wa kulia. Mwenye kidole gumba pekee ataiendeshaje? Tunachezwa shere hapa.

Pweza: Ataiendesha kwa dua.

Mkazi_wa_Kongowe: Sikusema nitaiendesha mimi, nitampa dereva aniletee hesabu kila jioni. Isitoshe, mnunuzi ameshanipa malipo ya awali, nayo yameishia kwenye deni.

Mwanaidi_K: Mimi namwamini. Nilipata polio utotoni, nina stashahada ya uhasibu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu kama sisi. Hata hivyo, kwenye usaili huulizwa nitapandaje ngazi kabla sijaulizwa lolote kuhusu mizania, na ndiyo maana nauza vitumbua. Lakini wewe uliumia kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekulipa nini?

Mkazi_wa_Kongowe: Mwajiri alinipa shilingi 800,000, nikatia saini kwamba sina madai. Alikuwa amelipia matibabu, sikutaka kuonekana mtovu wa shukrani.

Mwanaidi_K: Laki nane kwa vidole vinne! Ajali hutolewa taarifa ndani ya miezi 12, kwa hiyo chukua ripoti ya daktari uende Mfuko wiki hii, na karatasi hiyo isikutishe. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo.

Mkazi_wa_Kongowe: Nimekuelewa, dada, ila mwenye nyumba hasubiri Mfuko, na mnunuzi anataka tumalizane Jumamosi.

Mzee_Kobe: Kiwanja chenyewe kimepimwa?