Msimulizi wangu anahamahama: nirekebishe vipi mswada wa riwaya?

Mwandishi chipukizi

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nimemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya yenye sura 22, inayohusu ugomvi wa nyumba ya urithi mjini Tanga, ambayo hati yake imefichwa, na nimeiandika kwa nafsi ya tatu. Msomaji wangu wa kwanza, ambaye ni dada yangu, aliishia sura ya 6, akasema anasikia kizunguzungu kwa sababu hajui yumo moyoni mwa nani. Aliyoilalamikia zaidi ni aya hii ya siku ya tatu ya msiba, Salma akiwa mbele ya mama mkwe wake, Bi Mwanaidi:

"Salma aliingia na sinia la kahawa. Bi Mwanaidi alimtazama, akahisi kwamba anamdharau. Alitamani kuondoka, lakini aliogopa maneno ya watu."

Mimi niliyeiandika najua nani anamdharau nani, ila nakiri kwamba msomaji hana njia ya kujua. Je, nigeuze riwaya nzima iwe ya nafsi ya kwanza, Salma akijisimulia mwenyewe?

Mhariri mstaafu

Usigeuze kwanza. Kugeuza nafsi ni kazi ya miezi, na huenda kosa likakufuata hukohuko. Katika "anamdharau", kiambishi a- chaweza kuwa Salma au mkwewe, na -m- vilevile; kisha linakuja "alitamani" lisilo na mwenyewe kabisa.

Jiulize siku hiyo ya msiba ni ya nani. Ikiwa ni ya Salma, hawezi kuona yaliyomo moyoni mwa mkwewe. Ataona jicho, mkono na kikombe. Kwa mfano: "Mama mkwe alikipokea kikombe, akakitazama, akakirudisha kwenye sinia bila kukigusa kwa mdomo. Salma alitamani kuondoka." Angalia pia nilivyobadilisha jina. Katika sura ya Salma, huyo ni mama mkwe. Katika sura ya Bi Mwanaidi, Salma ni mkaza mwana, na siku ya hasira ni "huyu tuliyeletewa". Vitenzi navyo husema: "alikuja sebuleni" ni maneno ya mtu aliyemo sebuleni tayari.

Nilipokuwa kazini nilikuwa nikichapisha sura kwenye karatasi, kisha nikipigia mstari kila wazo na kila hisia kwa penseli ya rangi ya mwenye nalo. Aya iliyotoka na rangi mbili ndiyo niliyomrudishia mwandishi.

Mwalimu wa fasihi

Naafikiana na mzee kuhusu aya hiyo, lakini nisingependa mwenzetu aondoke akidhani kwamba kuingia mioyo miwili ni dhambi. Msimulizi wa "paukwa, pakawa" anajua hila anazozipanga sungura na uroho unaomsumbua fisi, tena katika pumzi moja, na watoto hawapotei, kwa kuwa sauti wanayoisikia ni moja tu: ya bibi anayesimulia, mwenye kejeli zake na hukumu zake. Usimulizi maizi, yaani wa msimulizi ajuaye yaliyomo moyoni mwa kila mhusika, unadai sauti ya namna hiyo. Msimulizi wako hana sauti yake, anaazima tu ya kila anayepita mbele yake.

Kuhusu nafsi ya kwanza, tazama Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anajisimulia, nasi tunamfahamu baba yake kadiri yeye mwenyewe anavyomtafuta. Kutojua kwake ndiko kunakotuvuta. Sasa, katika riwaya yako hati ya nyumba imefichwa na nani? Kama ni Salma, akatusimulia sura 15 bila kuitaja, msomaji atajiona amechezewa shere.

Mwandishi chipukizi

Shikamooni walimu wangu. Aliyeificha hati ni Salma, kwa hiyo nafsi ya kwanza nimeiacha, na sura tatu za upekuzi wa nyumba nazihamishia kwa Bi Mwanaidi, anayetafuta asichojua kilipo. Nimeipiga rangi sura ya 6: kati ya aya 31, aya 9 zina rangi mbili. Lililonishtua ni kwamba Bi Mwanaidi hana rangi yake karibu popote; yupo ili awakasirikie wengine tu. Swali langu la mwisho: naruhusiwa kubadilisha mtazamo ndani ya sura moja?

Mhariri mstaafu

Marahaba. Unaruhusiwa, ila acha nafasi ya mstari mmoja, na sentensi inayofuata imtaje mwenye zamu kwa jina na kumpa jambo la kufanya, msomaji asisubiri aya nzima ndipo ajue amehamishwa. Bi Mwanaidi naye usimjaze mawazo kwa pupa. Mwulize kwanza alikuwa akitaka nini alipokirudisha kile kikombe.